Kutafiti Visa vya Dini na Matatizo ya Dunia: Mwongozo Kamili

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio ambalo kila anayetaka kutafiti visa vya dini angefaa kulijua kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Baadhi wakaambiwa waandae mazungumzo mafupi juu ya kisa cha Msamaria Mwema, wengine juu ya kazi zinazowafaa wahitimu wa seminari. Kisha wakatumwa jengo jingine kwenda kuzungumza: hawa wakiambiwa muda upo, wale wakiambiwa wameshachelewa. Njiani palikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya wenye haraka kubwa, asilimia 10. Kuwa na kisa cha Msamaria kichwani hakukuleta tofauti iliyothibitika. Wapo waliomruka yule mtu wakiwa wanakwenda kuhubiri juu ya Msamaria.

Watu 40 ni wachache na jaribio lile halifungi mjadala. Ila linatuonyesha shimo lilipo. Kazi nyingi za wanafunzi na hata za mashirika huandikwa hivi: dini fulani ina kisa kizuri kuhusu huruma, kwa hiyo dini hiyo inaweza kusaidia katika suala la wakimbizi. Utafiti wote umejificha ndani ya hilo "kwa hiyo", na mwandishi amelipita kama wale wanafunzi walivyompita yule mgonjwa. Hatua zifuatazo zinahusu namna ya kusimama pale.

Hatua ya 1: Punguza mada, kisha ipunguze tena

"Nafasi ya dini katika kutatua changamoto za dunia" ni bahari, haiwezi kuwa mada. Chagua vitu vitatu tu: tatizo moja, kisa kimoja, na kundi moja la watu wanaokisimulia. Kwa mfano: Je, kisa cha Yusufu na miaka saba ya njaa husimuliwaje na waumini walio katika vyama vya wakulima, na kinahusianaje na maamuzi yao ya kuweka akiba ya nafaka? Hapo una mtu wa kumuuliza na una tendo la kutazama. Mfano huu wa Yusufu nitaurudia mara kwa mara kwa sababu unabeba karibu kila mtego wa kazi hii.

Jambo la pili la mwanzo ni maneno. Kiswahili kinatutega hapa. Kwa Mwislamu, hadithi ni kauli au tendo la Mtume lililopokewa kwa mlolongo wa wapokezi. Kwa mtu mwingine, hadithi ni ngano ya jioni, pengine hata uongo. Ukimwambia sheikh kwamba unatafiti "hadithi za dini" ataelewa jambo moja. Ukimwambia mchungaji maneno hayo hayo, anaweza kuona umeiita Biblia ngano, na mahojiano yakaisha kabla hayajaanza. Mimi hutumia "kisa" kwa tukio moja lenye mwanzo na mwisho, na "simulizi" kwa kisa pamoja na namna kinavyosimuliwa. Chagua yako, yafafanue ukurasa wa kwanza, usiyabadilishe njiani.

Halafu tenganisha kisa na amri. "Toa zaka" ni amri. "Usiibe" ni amri. Kisa kina watu, kina shida, kina mahali mambo yanapogeuka. Nguvu yake ni kwamba msikilizaji hujiweka ndani yake, akawa fulani. Anayemsikiliza Msamaria hujiona ni nani: msafiri aliyepigwa, Mlawi aliyepita kando, au yule mgeni aliyeshuka kwenye mnyama wake? Swali hilo, "msikilizaji anajiona nani?", liandike ubaoni juu ya meza yako.

Hatua ya 2: Soma kisa chote, katika matini zake zote

Hapa usiwe na haraka. Kisa cha Yusufu kimo katika Mwanzo sura ya 41 na katika sura ya 12 ya Kurani. Kote kuwili wamo mfalme na ndoto yake, ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Baada ya hapo njia zinaachana kidogo, na huko kuachana ndiko kunakomhusu mtafiti. Katika Mwanzo 41:34-35 Yusufu anashauri ichukuliwe sehemu ya tano ya mavuno na kuwekwa chini ya mkono wa Farao. Katika Kurani 12:47 anaelekeza kwamba watakachokivuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Matini moja inasisitiza ukusanyaji na ghala la dola. Nyingine inataja namna ya kuhifadhi na kula kwa kiasi. Mkulima aliyelelewa na matini ya kwanza na aliyelelewa na ya pili wanaweza kutoka na mafunzo tofauti kuhusu nani anapaswa kutunza akiba, na wewe usiwatie katika kapu moja kwa kuandika "dini zote mbili zinafundisha akiba".

Endelea kusoma hadi Mwanzo 47. Njaa ilipokaza, watu walinunua nafaka kwa fedha. Fedha ilipokwisha, wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha, wakatoa ardhi na miili yao. Nchi yote ikawa ya Farao, isipokuwa ya makuhani. Mahubiri mengi juu ya kisa hiki huishia sura ya 41, penye sifa. Lakini kisa cha akiba ya chakula ni pia kisa cha jinsi mwenye ghala anavyoweza kummiliki mwenye njaa. Anayetafiti usalama wa chakula akaiacha sura hiyo, msomaji wake wa kwanza makini ataifungua mwenyewe.

Ukisoma, jizuie kuipaka matini rangi ya leo. Katika Kurani 12:55 Yusufu anaomba awekwe juu ya hazina za nchi kwa kuwa yeye ni mlinzi mwenye ujuzi. Inavutia kuandika "huu ni utawala bora". Andika kwanza kile matini inachosema: uaminifu na ujuzi vimetajwa pamoja, na mwombaji ni mfungwa aliyetoka gerezani. Istilahi za miradi ya maendeleo ziache hadi sura ya uchambuzi, na hata huko zitumie kwa uangalifu.

Thibitisha pia asili ya maneno. Wengi wetu tumekua tukisikia "tafuteni elimu hata ikiwa Uchina" kama hadithi ya Mtume. Wanazuoni wa fani hiyo wameihukumu kuwa dhaifu, na wapo waliosema ni ya kutungwa. Wakristo nao wana yao: "jisaidie nami nitakusaidia" hunukuliwa kama Biblia, na katika Biblia haimo. Kwa upande mwingine, ile hadithi kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, na aupande, imo katika Musnad ya Ahmad na katika mkusanyo wa Bukhari uitwao al-Adab al-Mufrad, na watafiti wa mazingira huitumia sana. Kazi yako ni kuandika daraja la kila kauli. Usiitupe dhaifu: kama watu wanapanda miti kwa sababu ya kauli ambayo wanazuoni wanaitilia shaka, kupanda kwao ni data. Ila andika mambo yote mawili, kwamba kauli ina shaka na kwamba inafanya kazi.

Na kama husomi Kiebrania, Kiarabu, Kigiriki au Kipali (lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha), mtafute anayesoma. Biblia ya Kiswahili ya Muungano inasema katika Mwanzo 1:28 kwamba mwanadamu ajaze nchi "na kuitiisha". Katika 2:15 amewekwa bustanini "ailime na kuitunza". Mjadala mzima wa Ukristo na mazingira umesimama kati ya vitenzi hivyo, na huwezi kuuingia kwa kutegemea tafsiri moja. Kwa matini asili zenye tafsiri sambamba, Sefaria hutunza za Kiyahudi, SuttaCentral za Kibuddha na Sunnah.com za hadithi. Zote ni za bure.

Hatua ya 3: Fuata nyayo za kisa, hata kule kulikonuka

Kila kisa mashuhuri kimeshatumika kabla yako, na si kila mara kwa wema. Fungua daftari lenye safu sita: mwaka, msimulizi, wasikilizaji, tatizo lililokuwa mezani, alichotaka watu wafanye, na kilichofuata. Lijaze kwa subira.

Mnara wa Babeli (Mwanzo 11, Mungu anapozichafua lugha za wajenzi na kuwatawanya) ni mfano mzuri. Mwaka 1974 Kanisa la Kireformati la Kiholanzi la Afrika Kusini lilitoa ripoti iliyoutumia mnara huo kuonyesha kwamba kutengana kwa mataifa ni katika mapenzi ya Mungu, yaani ukaburu ukapewa andiko. Mwaka 1985, katika nchi hiyo hiyo, kundi la wanateolojia likatoa Waraka wa Kairos, likawakosoa waliokuwa wakitumia Warumi 13 kudai utii kwa serikali ya kibaguzi. Biblia ilikuwa moja, na daftari lako litaonyesha kwamba tofauti ilikuwa kwa msimulizi na kwa kiti alichokalia.

Gharika nayo ni hivyo. Wanaharakati wa tabianchi humtaja Nuhu kama aliyesikia onyo akajenga kabla ya mvua. Machi 2009, katika kikao cha kamati ya Bunge la Marekani, mbunge John Shimkus alisoma Mwanzo 8, ahadi ya Mungu kwamba hatawaangamiza tena viumbe hai wote, akaifanya hoja ya kutohofia mabadiliko ya tabianchi. Ukiandika juu ya Nuhu bila kumtaja msomaji wa aina hiyo, umeandika nusu ya utafiti.

Wakati mwingine shutuma yenyewe huzaa kisa kipya. Mwanahistoria Lynn White aliandika mwaka 1967 katika jarida la Science kwamba namna Ukristo wa Magharibi ulivyosoma kisa cha uumbaji ilibeba lawama kubwa ya uharibifu wa mazingira. Wengi hukumbuka lawama hiyo tu. Mwishoni mwa makala hiyo hiyo alipendekeza Fransisko wa Asizi awe mtakatifu msimamizi wa wanaikolojia, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza hivyo rasmi. Mkosoaji alikwenda kutafuta dawa katika ghala lile lile la visa. Mstari kama huo katika daftari ni wa thamani.

Hatua ya 4: Tafuta mahali kisa kilipogeuka kuwa kitu

Sasa tafuta kesi, moja au mbili, ambamo kisa kilitoka mdomoni kikaingia katika sheria, mpaka wa msitu, namna ya kuzika, au deni. Kesi nzuri ina tarehe, ina nyaraka, na ina watu walio hai wa kuhojiwa.

Kesi ninayowashauri wanaoanza kuisoma ni ya Jubilei. Mambo ya Walawi 25 inaeleza mwaka wa 50: baragumu inapigwa, ardhi inarudi kwa wenyewe, waliojiuza kwa umaskini wanaachiwa. Katika miaka ya 1990 wanaharakati nchini Uingereza walikichukua kifungu hicho wakakiunganisha na madeni ya nchi maskini, wakaiita kampeni yao Jubilee 2000. Tarehe 16 Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji wa Birmingham wakati wa mkutano wa viongozi wa G8, kundi la mataifa manane makubwa kiuchumi. Mwaka uliofuata, huko Cologne, viongozi hao walikubali kupanua msamaha wa madeni. Angalia kisa kilifanya nini hapa. Hakikuleta hesabu za madeni, wachumi walikuwa nazo tayari. Kilileta tarehe ya mwisho, mwaka 2000, na kilileta wazo kwamba kufuta deni ni kurudisha utaratibu unaojulikana, wala si zawadi ya tajiri. Hata wasioamini waliweza kulibeba wazo hilo. Angalia pia kilichoachwa: sura hiyo hiyo, mstari wa 44 hadi 46, inaruhusu watumwa wa kudumu kutoka mataifa mengine. Kampeni haikuisoma mistari hiyo jukwaani. Kila matumizi ya kisa ni kuchagua, na mtafiti huandika kilichochaguliwa na kilichoachwa.

Kesi nyingine zinaonyesha njia nyingine za kazi. Nchini Thailand, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watawa wa Kibuddha walianza "kuitawaza" miti, yaani kuifanya kama watawa, kwa kuifunga vitambaa vya rangi ya mavazi yao ili kuzuia ukataji. Hapo mti umeingizwa ndani ya simulizi kama mhusika. Nchini Ethiopia, kaskazini, misitu ya asili iliyobaki katika maeneo mengi ni ile inayozunguka makanisa ya Othodoksi ya Tewahedo, ambako waumini huona kanisa bila miti ni kama mtu asiye na nguo. Kisiwani Misali, magharibi ya Pemba, wapo wanaosimulia kwamba Nabii Hadhar aliomba mswala, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea Kibla, na kiwe mswala wake. Wakati baruti ilipokuwa inaua matumbawe, mafunzo ya uhifadhi kwa misingi ya Uislamu yaliyotolewa kwa wavuvi yaliikuta simulizi hiyo ipo tayari. Kisa hiki hakimo katika kitabu chochote kitakatifu, ni kisa cha mahali, na mara nyingi visa kama hivi hufanya kazi zaidi kuliko vile vya mimbari.

Ebola ya Afrika Magharibi ni kesi ya aina yake. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilisema angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yalitokea wakati wa maziko. Likatoa utaratibu wa maziko salama na yenye heshima, uliotengenezwa pamoja na mashirika ya Kikristo na ya Kiislamu. Kwa maiti wa Kiislamu utaratibu huo ulitoa nafasi ya kutayamamisha (kutakasa kwa udongo safi badala ya maji) pale kuosha kunapokuwa hatari. Wahudumu wa afya hawakubuni dini mpya. Ruhusa ilikuwa ndani ya dini, ikatafutwa na wenye dini.

Chukua na kesi iliyoharibika. Mwaka 2003 jimbo la Kano, Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa karibu mwaka mzima, na viongozi wa dini walikuwa miongoni mwa waliosema chanjo ina dawa ya kufunga uzazi. Mvivu ataandika "dini ilizuia chanjo". Mtafiti atakuta pia jaribio la dawa lililofanywa na kampuni ya Pfizer kwa watoto wa Kano mwaka 1996, lililoacha kesi mahakamani na uchungu mitaani. Kisa kilichosimuliwa 2003 kilikuwa cha mgeni aliyewahi kuja na sindano, na mimbari ilikuwa kipaza sauti chake. Na kule Varanasi, India, imani kwamba mto Ganga ni mama mtakatifu mwenye kutakasa imefanya baadhi ya waumini waone ugumu kusema mto umechafuka, kwa kuwa uchafu wa macho na utakatifu si kitu kimoja kwao. Simulizi ile ile inayofanya mto upendwe inaweza kuchelewesha usafishaji wake.

Hatua ya 5: Nenda ukasikilize

Pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na ridhaa ya kila msailiwa. Ibada usiirekodi kwa siri, hata kama simu iko mfukoni na hakuna atakayejua. Wewe mwenyewe jiandike: ni muumini wa dini hiyo, wa nyingine, au huna? Kila nafasi ina mlango wake na upofu wake. Mwenzao ataambiwa mengi lakini hataulizwa afafanue, kwa kuwa "unajua mwenyewe". Mgeni ataelezwa kila kitu kwa mpangilio mzuri mno, kama anavyoelezwa mgeni.

Makosa makubwa hutokea katika maswali. "Je, dini yako inafundisha kutunza mazingira?" Jibu ni ndiyo, na umepoteza saa ya sheikh. Mwombe asimulie: "Nisimulie kisa cha Yusufu kama ulivyokisimulia mara ya mwisho." Kisha unyamaze. Atakapomaliza, uliza alimsimulia nani, siku ile kulikuwa na nini, na waliosikia walisema au walifanya nini. Sikiliza anapoanzia na anapokatia. Kama kila msimulizi anakatia kwenye ghala lililojaa na hakuna anayefika kwenye watu kuuza ardhi, hicho ni kimojawapo cha matokeo yako, na hakuna aliyekwambia waziwazi.

Usiishie kwa viongozi. Hotuba ya Ijumaa na mahubiri ya Jumapili ni simulizi rasmi. Zinazolea watu mara nyingi hutolewa na walimu wa madrasa, walimu wa shule ya Jumapili, vikundi vya akina mama, mabibi. Ukiwauliza hao, usiwaulize walichosikia kwa padri au imamu. Waulize wanachosimulia wao. Tofauti ya matini ya mimbari na matini ya jikoni inaweza kubeba tasnifu nzima.

Kwa kazi ya uzamili, simulizi 20 zilizorekodiwa na kunakiliwa neno kwa neno zina manufaa kuliko dodoso 300 za kuweka tiki. Wasimamizi wengine watabisha. Wabishie kwa adabu.

Hatua ya 6: Chambua

Nakili sauti kuwa maandishi, usome mara mbili bila kalamu, mara ya tatu tia alama. Alama tano zinatosha kuanzia: msikilizaji anawekwa katika nafasi ya nani, nani anabeba kosa, ni tendo gani linaombwa, nini kimeachwa, na msimulizi anapata wapi mamlaka ya kusimulia. Kalamu za rangi zinafaa. Ukitaka kompyuta, Taguette ni programu ya bure na inatosha. Mpe mwenzako simulizi tatu azitie alama bila kuona zako. Mkitofautiana sana, maelezo ya alama zako hayako wazi, usimlaumu yeye.

Hatua ya 7: Lipime lile "kwa hiyo"

Umeshajua kisa kinasemaje, kimetumikaje, na watu wanakisimuliaje. Bado hujaonyesha kwamba kilisababisha lolote. Zipo njia tatu za uaminifu.

Ya kwanza ni kulinganisha kabla na baada. Papa Fransisko alipotoa waraka wake juu ya mazingira, Laudato Si', mwaka 2015, watafiti nchini Marekani walikuwa wamejiandaa kuwauliza watu maswali kabla na baada. Kazi moja ilikuta Wamarekani, hasa Wakatoliki, wameongeza mguso juu ya suala hilo. Nyingine ilikuta wahafidhina waliousikia waraka hawakusogea kama ilivyotarajiwa, na badala yake wakapunguza imani yao kwa Papa kama msemaji wa jambo hilo. Soma kazi zote mbili pamoja, maana zinafundisha kwamba kisa hakimfikii mtu akiwa mtupu: anakisikia akiwa tayari ana upande.

Ya pili ni kulinganisha makundi. Elizabeth Levy Paluck alifanya hivyo nchini Rwanda katika utafiti uliochapishwa 2009: baadhi ya vikundi vilisikiliza mchezo wa redio kuhusu maridhiano, vingine mchezo wa redio kuhusu afya, kwa mwaka mzima. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona jamii yao inakubali nini, na mwenendo wao katika mambo kadhaa. Mchezo haukuwa wa kidini, lakini muundo wa utafiti unaazimika, na matokeo yake yanakupa swali bora: kisa kimebadilisha anachoamini mtu, au kimebadilisha anachodhani wenzake wataunga mkono?

Ya tatu, na ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa wengi, ni kufuatilia mchakato. Kwa kila tokeo, orodhesha maelezo mengine yanayoweza kulieleza bila kisa chako, kisha utafute ushahidi wa kuyaangusha. Kwenye madeni: mpango wa msamaha wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia ulikuwa umeanza 1996, miaka miwili kabla ya mikono kushikana Birmingham. Basi kampeni haikuuanzisha. Je, iliuongezea upana na kasi? Hapo ndipo pa kuchimba: kumbukumbu za mikutano, barua za wabunge, mahojiano na maofisa wa hazina waliokuwapo. Ofisa akikwambia walipokea magunia ya kadi kutoka parokia za vijijini, umepata kiungo. Akisema hawakuziona, nacho ni kiungo, kilichokatika.

Ukirudi kwa wakulima wetu: kama waliosimulia Yusufu wana maghala, jiulize kama walijenga maghala kwa sababu ya mkopo nafuu, na kisa kikaja baadaye kulipamba jengo. Uliza mfuatano. Tafuta na chama kisichokuwa na simulizi hiyo lakini kina ghala, na chenye simulizi bila ghala. Hicho cha mwisho kina mengi ya kukufundisha, nacho hakipendwi na wafadhili.

Hatua ya 8: Andika, urudishe

Andika madai kwa ukubwa wa ushahidi. "Kisa kiliwapa wanachama lugha ya kumdai mwenyekiti hesabu" ni sentensi yenye uzito kuliko "dini ni chombo cha mabadiliko". Usimgeuze muumini kuwa njia ya kupitishia mradi wa mtu; kiongozi wa dini akigundua umemtafuta kwa sababu ana wasikilizaji wengi tu, hatakupokea tena, na ana haki.

Rasimu ikiiva, peleka kwa waliokusimulia, kwa lugha wanayosoma, au uwasomee. Baadhi watasema hukuwaelewa. Wengine watakubali uchambuzi lakini watasema umesoma matini vibaya, na pengine watakuwa wameona kweli. Pa kuuandika ubishi huo ni ndani ya sura husika, kwa maneno yao, kando ya maneno yako, si katika kiambatisho cha mwisho ambacho hakuna anayekifungua.